Ruhusa ya Kheri

Kibiti,
19 Juni 2023

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Mimi mzima, watoto wazima, na shemeji yako Hemedy anakusalimu ingawa mgongo unamsumbua na hataki kuambiwa ni uzee. Barua za watu husema hofu na mashaka ni kwako. Wanaandika tu kwa mazoea. Mimi leo nimeyaandika maneno hayo kwa kukusudia.

Nakuandikia kwa karatasi kama zama za marehemu baba kwa sababu simu yangu hupokei. Najua kisa. Mara ya mwisho ulipokea ukiwa gatini, ukaweka spika, na wapakiaji wote wakasikia mdogo wako akikuuliza kama akili zako zimekamilika. Ukakata. Haya, karatasi haina spika. Isome peke yako.

Gharibu wa boti kaniambia amemwona mwanao Kheri kule Nyamisati akishusha boriti, mbili kwa mpigo, begani. Nikamwambia kamfananisha. Akasema hapana, hata kovu la pajani kaliona, kijana kakunja suruali.

Kaka, Kheri huyu ndiye yule ambaye mwezi wa tano lundo la boriti lilimporomokea likamponda paja juu ya kisiki cha mkoko wa mkandaa, tope likaingia kwenye nyama, na mkaja kumleta siku ya nne kidonda kinanuka. Vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Siku mbili nzima alikuwa anamwita mkewe Kudra "nahodha". Amelala kwetu hospitali siku ishirini na nne, katoka tarehe tatu mwezi huu. Leo tarehe kumi na tisa, ana boriti begani.

Nijibu jambo moja tu: nani kamwambia abebe?

Mdogo wako,
Hafsa


Kikoleni, Delta,
2 Julai 2023

Mdogo wangu Hafsa,

Marahaba. Barua yako imefika kwa mkono wa Gharibu, ambaye naona siku hizi umemwajiri kunichunguza. Sisi huku wazima. Idd tumekula vizuri, wewe hukuja. Mpunga umeshavunwa, si haba. Mjukuu wangu ameota jino. Kudra anakusalimu, na sijui kwa nini kila nikitaja jina lako anainamisha uso kwenye simu.

Umeuliza nani kamwambia abebe. Nitakujibu: nyie.

Mlimpa ruhusa. Karatasi ninayo, imeandikwa "Ameruhusiwa", tarehe, muhuri, na sahihi kama ya kuku aliyechakura. Nimeiweka kwenye mfuko mmoja wa plastiki na kibali changu cha kukatia mikoko, isilowe, kwa sababu zote mbili ni karatasi za serikali. Kibali kinasema nikate mpaka tarehe thelathini Novemba. Karatasi yenu inasema kijana karuhusiwa. Sasa wewe msomi niambie, hapo katikati mie ningesoma nini?

Kidonda kimefunga. Nimekibonyeza kwa kidole changu, hakitoi kitu. Chakula anakula. Huo ugonjwa wenu mlioniambia unaitwa sepsisi, jina kama la sabuni, umekwisha, mmeutibu wenyewe, mmesaini. Mtu akishapona kazi yake ni kufanya kazi. Mie mwaka ule shoka liliponikata kisigino, nilifunga kwa kitambaa, jioni nikaenda kuvuta wavu, na huyu unayemwandikia ni mie, si mzimu wangu.

Ana kikohozi kidogo, lakini ni cha vumbi la mpunga.

Kaka yako,
Mwinyimvua


Kibiti,
10 Julai 2023

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Huku wazima wote. Nimefurahi kusikia habari ya jino, mpige mtoto picha mnitumie, Kudra anajua namna.

Kuhusu ruhusa. Ruhusa ya hospitali ni ruhusa ya kutoka wodini. Si ruhusa ya kubeba boriti, si ruhusa ya kuingia mtoni, si ruhusa ya kumfurahisha baba yake. Maana yake ni kwamba kitanda chetu hakimhitaji tena. Sikujua kwamba mtu mwenye mvi anahitaji kuelezwa hilo, ila kwa kuwa nimelijua leo, naeleza.

Na nitakueleza na jingine, usome taratibu. Kinga ya mwili iko ya namna mbili. Moja inajifunza, ndiyo hiyo tunayoifundisha kwa chanjo. Nyingine mtu huzaliwa nayo. Hiyo haisubiri kufundishwa, chochote kigeni kikiingia inakirukia, na hata nyama ya mtu mwenyewe ikipondwa inashtuka, kwa sababu nyama iliyokufa inamwaga uchafu kwenye damu. Kwa hiyo boriti zilipomwangukia Kheri, kinga hiyo ilikuwa imeshaanza vurugu kabla kijidudu cha kwanza hakijaingia. Vijidudu vilipokuja ikapigana mpaka ikaanza kumuumiza mwenyewe, mapafu na figo. Ndiyo maana akawa anamwita mkewe nahodha.

Sisi tukaua vijidudu kwa dawa za mshipa. Homa ikashuka. Kidonda kikafunga. Wewe ukakibonyeza kwa kidole chako kitukufu ukaona mambo yamekwisha. Kilichobaki hakibonyezwi. Chembe nyeupe za damu yake nyingi zimekufa, zilizobaki zimechoka, na mifupa inatoa mpya ambazo hazijakomaa. Zipo. Ukizihesabu unaweza kuziona za kutosha. Lakini adui akipita mbele hazimrukii. Hali hiyo huchukua miezi, na katika miezi hiyo kitu kidogo ambacho mimi na wewe tungekitemea mate tu, kinaweza kumuua.

Unalikumbuka dungu la baba, lile jukwaa la shambani Mohoro, tulikopandishwa kuamia ndege wasile mpunga? Mwaka ule nguruwe walivamia shamba, tukapiga madebe na kupiga kelele siku mbili mfululizo, wewe ukaishiwa sauti kabisa. Nguruwe wakaondoka. Baba akasema mmefanya kazi. Kesho yake wakaja ndege, tena wachache. Tuliwaona, kaka. Tulikaa juu ya dungu macho wazi, tukawaona wakitua, na hakuna aliyeinua mkono. Basi ndivyo damu ya mwanao ilivyo sasa.

Hicho kikohozi si cha vumbi mpaka mimi nikisikilize. Mlete.

Hafsa


Kikoleni,
5 Agosti 2023

Mdogo wangu Hafsa,

Marahaba. Tumeshukuru kwa dawa ya mgongo uliyonitumia, japo mwenye mgongo ni mumeo. Umekosea bahasha, kama ulivyokosea mengi.

Barua yako nimesoma mara mbili. Hadithi ya dungu umeipinda. Wewe ulikuwa umelala, mate yanakutoka, na mie nilikuwa naangalia. Na aliyechapwa fito siku ile alikuwa mie, wewe baba alikubeba mgongoni. Tangu siku hiyo mpaka leo wewe unalala na mie ndiye nachapwa. Halafu unakuja kunifundisha habari za walinzi.

Kusema kweli sikuelewa, mtu anapigana vita anashinda, halafu unaniambia ushindi ndio umemmaliza. Huku kwetu mtu akishinda anakula ubwabwa.

Kheri yupo. Katoka majipu mawili kwapani, yamepasuka. Ulimi na mashavu ndani yana utando mweupe kama mtoto anayenyonya, Kudra anampaka asali. Amepungua kidogo, ila suruali za siku hizi zinashonwa kubwa.

Sasa nikuulize na mie, na unijibu kama ndugu, usinijibu kama hospitali. Mnapompima mtu damu mnapima kila kitu, mie najua. Huku wapo watu wameuona huo utando. Hawaniambii mie, wanaambizana wao kwa wao, nikifika wananyamaza na kuanza kusifia mpunga. Shemeji wa Kudra alikuja kumsalimu mgonjwa, akakataa kunywa maji kwenye kikombe chetu. Kama kuna jambo mlilikuta kwenye damu ya mwanangu mkalificha mkaniletea maneno ya ndege na madungu, niambie. Nitalibeba. Nisilolibeba ni kufanywa mjinga.

Kuhusu kumleta, boti zote zina shughuli.

Mwinyimvua


Kibiti,
13 Agosti 2023

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo, na salamu za wote.

Hana ukimwi. Alipimwa siku aliyoingia na akapimwa tena kabla hajatoka, majibu yote mawili ni hana, na hiki ninachokuandikia yeye mwenyewe anakijua na kaniruhusu nikwambie. Nimempigia kwa simu ya Kudra. Kama ungemuuliza yeye angekujibu miezi miwili iliyopita. Lakini wewe unaona bora kuuliza kwa karatasi inayosafiri siku nane kuliko kumuuliza mtu anayelala chumba cha pili.

Utando ule ni fangasi. Huishi midomoni mwetu sote na kinga huwa inaukanyaga bila sisi kujua. Majipu ni vijidudu vya kawaida vya ngozi. Hivyo vyote ni wale ndege wachache. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako kila dalili ya hali niliyokutajia, halafu ukamalizia na suruali.

Sasa na mimi najua kitu. Kudra kaniambia. Siku tatu umempeleka mkondo wa mbele, ule unaotazamana na kijiji chote, kasimama kwenye maji mpaka kiunoni anakata msinzi, mkoko ulioachwa makusudi pale kwa kuwa hauna maana, boriti zake zimepinda. Hukumpeleka kukata. Ulimpeleka kuonekana. Ulitaka walioko ng'ambo waseme mtoto wa Mwinyimvua mzima, tazameni anavyopiga shoka.

Niandikie kwamba ni uongo. Au usiandike kitu, mpakie kwenye boti aje. Akitetemeka kwa baridi, akipumua haraka, akianza kuongea ovyo, usisubiri hata saa moja.

Hafsa

Gharibu ananiambia mashine ya boti imekufa Nyamisati, wanasubiri kifaa kutoka Dar. Nampa hivyo hivyo barua, sina mwingine, na simu yako bado hupokei.


Kikoleni,
24 Agosti 2023

Hafsa,

Kheri ana homa tangu juzi. Anapumua kwa mabega. Leo alfajiri kamwita Kudra nahodha.

Nimekodi mashua ya Abdulkarimu mpaka Nyamisati, huko watapata gari. Kudra yuko naye na barua hii anayo. Barua yako yoyote baada ya ile ya mwezi wa saba sijaipata.

Mie siji. Utanipigia kelele mbele za watu.

Mwinyimvua


Kibiti,
28 Septemba 2023

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu, mwanao yuko hai. Mengine nayaandika taratibu.

Alifika hana fahamu, mapafu yote mawili yamejaa. Tulimweka kwenye oksijeni siku tisa. Siku ya tano daktari alimwita Kudra pembeni na mimi nikajua anakwenda kumwambia nini, nikatoka nje nikakaa nyuma ya jiko la wodi. Sikulia. Niliosha beseni ambalo lilikuwa safi. Siku ya saba akaomba uji, akaukataa, akasema hauna chumvi. Jana kutwa kabishana na mgonjwa wa kitanda cha jirani habari za mpira. Anatoka keshokutwa.

Barua yangu ya tarehe 13 Agosti nimeambiwa ilikufikia tarehe 30, boti ilipopata kifaa. Kwa hiyo ulisoma niliyokuandikia kuhusu mkondo wa mbele wakati mwanao yuko kwetu na mpira puani. Sitayarudia. Sijayafuta pia.

Lakini lipo nililolificha mimi, na nimelibeba tangu Juni, na ndilo limenifanya niwe mkali kuliko haki yangu.

Ile sahihi ya kuku aliyechakura ni yangu. Umeijua siku ile ile, si ndiyo? Ulinifundisha wewe kuandika jina, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni, huwezi kuacha kuijua. Tarehe tatu Juni nilikuwa nimemaliza zamu, kitanda kinadaiwa, na gari la kunipeleka msibani Ikwiriri lilikuwa linapiga honi. Ulisimama mlangoni na mfuko wa nguo za Kheri, ukaniuliza, "Ndiyo tayari?" Nikakwambia, "Mmepewa ruhusa, kaka. Nendeni, kapona." Nikakimbia. Hayo ya miezi, ya chembe zilizochoka, ya kujihadhari na tope na watu wenye mafua, yote niliyajua na sikusema hata moja. Nilikuandikia mwezi mmoja baadaye kana kwamba wewe ndiye mjinga. Hukuwa mjinga. Uliniamini.

Neno lenyewe ndilo lililokukosesha, na aliyelisema ni mimi. Nimekaa na wenzangu hapa zamu nzima tunatafuta jingine la kuandika badala ya "Ameruhusiwa". Hatukupata. Vitabu vyetu vimechapwa hivyo.

Safari hii nimeandika nyuma ya karatasi, kwa mkono, herufi kubwa: asiguse shoka wala asiingie majini mpaka mwezi wa tatu mwakani, tumtazame kwanza. Homa yoyote, boti siku hiyo hiyo. Lakini najua kibali chako kinaisha Novemba, na najua ulivyo.

Nijibu. Hata kwa matusi.

Hafsa


Kikoleni,
12 Novemba 2023

Mdogo wangu Hafsa,

Marahaba. Umekaa kusubiri barua, mie nimekaa kutafuta kalamu, mtoto kazitia zote mdomoni. Ana meno sita. Sisi wazima. Kudra mzima, siku hizi anatumia simu yake mbele yangu, ndiyo faida pekee ya mambo yote haya. Mvua za vuli zimekuja na fujo, mto umepanda, njia ya Mohoro ina maji. Tumekutumia kapu la mchele na kamba wakavu, Gharibu asile njiani.

Maandishi yako ya nyuma ya karatasi nimeyaona. Mwandiko bado wa majivu. Sahihi niliijua, ndiyo. Niliijua kabla sijavuka mlango. Ndiyo maana sikuuliza mara ya pili.

Umesema ulinificha na mie nimekuamini, na sasa unataka tugawane kosa nusu kwa nusu tupatane. Una haraka ya kugawana kwa sababu fungu lako ni dogo. Mie langu linanitosha, usinipunguzie. Uliandika habari za mkondo wa mbele na kusema niandike kuwa ni uongo. Sikuandika. Umeshajibiwa.

Siku ile ya dungu, wewe ulikuwa umelala kweli, na hapo sirudi nyuma mpaka kufa. Ila mie nilikuwa macho. Niliwaona wale ndege mmoja mmoja wakitua, mkono ukanishinda. Na mwezi wa nane niliuona utando, nikayaona majipu, nikasikia kifua kinavyokoroma Kheri akipiga shoka, na nikawa namwangalia yule shemeji wa Kudra ng'ambo kama ameona.

Sasa sikiliza lililotokea jana, halafu usinitajie tena.

Kheri anapata nguvu. Amenenepa, anaringa. Ameona siku za kibali zinakwisha na mlundo wangu haujafika nusu ya boti, na kijana ana aibu ya kula bila kufanya kazi. Hiyo aibu kaitoa kwangu, sina wa kumlaumu. Jana asubuhi kaja gatini, shoka amelinoa, linawaka. Watu wote walikuwepo, na huyo shemeji alikuwepo. Akasimama mbele yangu akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Baba, naomba ruhusa nikakate."

Watu wakageuka, wananitazama mie.

Nikamwambia, "Sikupi."

Akasema hospitali wameshamruhusu, karatasi ipo. Nikamwambia ya hospitali ni ya kutoka wodini, ile walishatoa, wala siwadai nyingine. Hii ya kwenda mtoni ni yangu. Gharibu akacheka, akaniuliza nimesomea wapi udaktari. Nikamwambia kwa mdogo wangu, kwa barua. Kheri akatupa shoka chini akaondoka amenuna, na shemeji akamwambia mwenzake, nikamsikia, kwamba Mwinyimvua anajua kijana hafai tena.

Nikaliokota shoka, nikalisugua tope, nikamwambia yule shemeji asogee nipite. Kibali kitakwisha tarehe thelathini na mikoko itabaki imesimama palepale ilipo.

Mmekosa neno jingine kwenye vitabu vyenu, basi msihangaike. Andikeni hilo hilo. Ruhusa yake ninayo mie, na mpaka huo mwezi wa tatu hataiona, hata akininunia kila siku.

Kaka yako,
Mwinyimvua

Piga simu Ijumaa baada ya swala. Nitapokea. Spika nimemwambia Kudra aizime, mie siijui inazimwa wapi.